Mtaa umeshahukumu, mahakama imemwachia: kesi za ubakaji na ushahidi ambao hatukuusikia

Msaidizi wa Ilemela (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Naandika nikiwa Mwanza, na naandika kwa uchungu. Kuna kesi ya ubakaji imeisha huku kwetu, mshtakiwa ameachiwa, na tangu siku hiyo kila kijiwe kina hukumu yake. Sitaitaja kesi, sitautaja mtaa, na namwomba kila atakayechangia asitaje jina la binti wala la kijana. Sababu nitaieleza mbele kidogo, maana hilo si suala la adabu tu.

Wapo wanaosema hakimu kapewa kitu. Wapo wanaosema binti alimsingizia kijana wa watu, na hao sasa wanamfuata mama yake mpaka gengeni kumzomea. Pande zote mbili zinaapa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kazi yangu ni kuwasindikiza watu dawati la jinsia la polisi, hospitali na mahakamani. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya mahakama, na ninachoweza kuwahakikishia ni kwamba wote wanaoapa hawakusikia hata neno moja la ushahidi.

Hawakusikia kwa sababu hawakuruhusiwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inaelekeza kwamba katika kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi wa mashahidi wote utolewe faragha, na inakataza ushahidi huo na mashahidi wenyewe kutangazwa kwenye vyombo vya habari. Ndiyo maana nimeomba majina yasitajwe hapa. Siku ya kusikilizwa mnaombwa kupisha, mlango unafungwa. Ndani anabaki hakimu, wakili wa serikali, mshtakiwa na wakili wake kama anaye, na shahidi aliye kizimbani. Sisi wengine tunasubiri nje. Tunachokiona ni uso wa mama wa mtoto anapotoka, na kwa uso huo watu wanakwenda kuandika hukumu nzima kwenye makundi ya WhatsApp.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtaa unadai vitu ambavyo sheria haivihitaji, halafu unavipuuza vile ambavyo kesi haiwezi kusimama bila hivyo.

Mtaa unauliza: mbona hana majeraha? Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130, kinasema wazi kwamba si lazima kuwepo ushahidi wa kupambana, kama majeraha mwilini, ili kuthibitisha kuwa hakukuwa na ridhaa. Maneno hayo yameingia kwenye sheria zetu kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Mtu aliyeshikiwa kisu, au aliyeganda kwa hofu, hana alama. Mtaa unauliza: nani aliona? Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mhanga peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anachosema ni kweli na aandike sababu zake. Mtaa unauliza: kwani yeye ana tabia gani? Kwa kweli swali hilo hujibiwa kwa sauti kubwa kuliko yote, wakati mwenye tabia yoyote ile ana haki ya kusema hapana.

Sasa msije mkadhani kwamba sheria imempa mlalamikaji karatasi tupu ajaze anachotaka. Katika rufaa ya jinai namba 145 ya 2017, iliyosikilizwa Iringa, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba neno la mhanga halikukusudiwa kupokelewa kama msahafu. Ni lazima lipimwe: linashikana mwanzo hadi mwisho? Alimtaja mtu mapema alipopata nafasi ya kwanza ya kumtaja, au jina lilikuja baada ya wiki, na kwa nini? Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, tena pasipo kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa hana deni la kuthibitisha kwamba hakufanya. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Na mzigo huo ni mzito kwa sababu adhabu ni nzito. Ukitiwa hatiani kwa kubaka na wewe ni mtu mzima, kifungo hakipungui miaka 30. Kama aliyebakwa ni mtoto wa chini ya miaka 10, ni maisha. Hakimu hana nafasi ya kusema "nampa mitano kwa kuwa nina wasiwasi kidogo." Akiwa na wasiwasi wa maana, anatakiwa aachie.

Tuje kwenye yale yanayoua kesi. Nawaambia kwa kuyaona.

Umri. Shtaka likisema binti ana miaka 15, ridhaa haina nafasi, lakini umri huo lazima uthibitishwe kwa ushahidi: mzazi aseme, au cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kliniki. Kuandikwa kwenye hati ya mashtaka hakutoshi. Nimeona bibi anaulizwa mjukuu wake alizaliwa lini, anajibu "mwaka ule wa mvua nyingi." Kadi ya kliniki ilikuwa nyumbani, imekunjwa ndani ya Biblia. Hakuna aliyemwambia aje nayo.

Mtoto kizimbani. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima kwanza aahidi kusema kweli na si uongo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikiwa Bukoba, rufaa namba 168 ya 2018, iliuondoa ushahidi wa mtoto kwa sababu ahadi hiyo haikuwepo kwenye kumbukumbu, na kilichobaki hakikutosha. Mtu akaachiwa. Hapo hakuna aliyesema mtoto ni mwongo.

PF3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari. Daktari ameijaza vizuri, inapokelewa kama kielelezo, halafu haisomwi kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue imeandikwa nini. Kwenye rufaa inaondolewa. Mtaani watasema "wamehonga," au watasema "si unaona, daktari hakukuta kitu." Yote mawili si kweli.

Na shahidi asiyetokea. Hili ndilo linalotuhusu sisi kuliko mahakimu. Kuna kesi moja ya mtoto, pale kwenye mwalo mmoja, ambayo sitaisahau. Siku ya tukio umati ulijaa, wengine na mapanga, wakitaka kumchoma mtuhumiwa na nyumba yake. Polisi walimwokoa kwa shida. Mwanamke aliyekuwa akianika dagaa ndiye aliyempokea mtoto akilia na kusikia jina kutoka kinywani mwake kabla ya mtu mwingine yeyote. Shahidi wa dhahabu. Kesi ilipopangwa kusikilizwa, mama yule alikuwa amehamia visiwani kufuata dagaa. Wito haukumfikia. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Wale waliokuja na mapanga, hakuna aliyechangia nauli ya boti ya kumfuata. Kesi ikafa. Baada ya hapo watu walewale wakaanza kusema yule mtoto alifundishwa na mama yake.

Mtu "kuachiwa" kuna milango mingi. Anaweza kuwa nje kwa dhamana, na dhamana si hukumu. Anaweza kufutiwa shtaka kwa kuwa mashahidi hawaji, na anaweza kukamatwa upya. Anaweza kuonekana hana kesi ya kujibu. Anaweza kushinda baada ya kujitetea. Anaweza kushinda rufaa kwa dosari ya utaratibu. Na anaweza kuwa kweli hakufanya, kasingiziwa kwa ugomvi wa kiwanja. Kwenye simu zetu yote hayo yanaandikwa kwa neno moja, kisha tunagombana.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tungepaswa kuwa wa kwanza kuogopa hukumu ya minong'ono. Usukumani vikongwe wetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa miaka mingi, na mtaa mzima ulikuwa "unajua" kwamba ni wachawi. Uhakika wa watu wengi haukuwa ushahidi wakati ule na si ushahidi leo.

Naomba michango yenu. Nitajibu kadiri nitakavyoweza.

Mtu wa Mwaloni

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu. Lakini mimi ni baba wa mabinti watatu. Nikimkuta mtu na mwanangu unataka niende kutafuta kadi ya kliniki? Wewe unaongea sheria, sisi tunaongea damu.

Msaidizi wa Ilemela

Kaka, hasira yako naielewa na sikuombi uizime. Piga yowe, majirani waje, mkamateni. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ila mkimpiga mpaka afe, mwanao atabaki hana kesi, na wewe baba yake utakuwa mahabusu ya Butimba kwa mauaji. Nani atamsindikiza mahakamani? Na yule mwenye jina linalofanana na la mtuhumiwa, aliyekuwa anapita tu usiku ule, huyo naye ana watoto.

Binti wa Malimbe

Mimi nasoma chuo hapa Mwanza. Dada, kwa heshima zote, uzi huu unaweza kusomwa na mtu akasema "basi tunyamaze mpaka mahakama iseme." Rafiki yangu alinyamaza. Alipoamua kusema, swali la kwanza alilopewa na msichana mwenzetu ni "una ushahidi?" Aliingia ndani hakutoka tena mpaka muhula ukaisha. Hakufika polisi. Unaongelea kesi zinazokufa mahakamani, hujaongelea zinazokufa chumbani.

Msaidizi wa Ilemela

Mdogo wangu, umegusa palepale na nashukuru umesema.

"Una ushahidi?" ni swali la wakili, na wakili ana siku yake ya kuuliza. Rafiki hana kazi hiyo. Mtu akikwambia nimebakwa, wewe si hakimu, hakuna mtu utakayempeleka jela kwa kumkumbatia. Kumwamini ili apate dawa, apate mtu wa kukaa naye, afike dawatini, hakumwondolei mtuhumiwa haki yoyote. Mtuhumiwa hajaguswa. Kinachomwondolea haki ni kubandika picha yake kwenye makundi ukiandika "mbakaji" wakati hata maelezo hayajachukuliwa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya, wengine kwa makusudi, ili wapate kisingizio cha kutomsikiliza yeyote.

Na rafiki yako kama bado anataka kusema, hajachelewa. Muda unapunguza vielelezo, lakini maelezo yake mwenyewe bado ni ushahidi. Hapa Mwanza kuna Kivulini, wanafanya kazi hii ya haki za wanawake kwa miaka mingi. Kwa mtoto, simu namba 116 ni bure.

Kaka wa Igoma

Mimi niko upande mwingine na naomba nisitukanwe. Ndugu yangu alishtakiwa. Alikaa mahabusu, akashinda, hakimu akasema hakuna kesi ya kujibu. Alirudi akakuta kibanda chake cha simu kimevunjwa. Mpaka leo watoto wanaambiwa wasipite kwake. Nani anamlipa? Mnaongea sana kuhusu kumwamini binti, huyu nani anamwamini?

Msaidizi wa Ilemela

Pole sana kaka, kwenu nyote. Aliyeonekana hana kesi ya kujibu ni mtu asiye na hatia mbele ya sheria, na aliyemvunjia kibanda ametenda jinai, angeweza kushtakiwa. Nakuomba kitu kimoja tu, na najua ni kigumu: msimgeuzie yule binti jiwe hilohilo. Mahakama kusema haikuthibitika si mahakama kusema binti alidanganya. Kutoa taarifa za uongo polisi ni kosa lenye shtaka lake na ushahidi wake. Kama hakuna aliyemshtaki kwa hilo, naye pia hajathibitishwa kitu.

Mzee wa Capripoint

Vijana, mnakumbuka kesi ya mwanamuziki Nguza Viking na wanawe? Juni 2004 Kisutu iliwahukumu maisha kwa kubaka na kulawiti watoto wa shule. Nchi ikagawanyika. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wawili, ikabaki na baba na mwanawe Papii Kocha. Desemba 2017 Rais Magufuli akawasamehe, watu wakacheza barabarani. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikaamua kwamba haki yao ya kusikilizwa ilivunjwa. Nilisikia watu wakisema "sasa imethibitika hawakufanya." Nikawauliza, wapi? Msamaha wa Rais haufuti hatia, na Arusha waliamua kuhusu namna kesi ilivyoendeshwa. Na wale watoto, wakubwa sasa, wameishi miaka yote hiyo wakisikia redioni taifa likijadili kama walidanganya. Hata mimi sijui ukweli wake, na nimeacha kujifanya ninaujua.

Marekani ni hivyohivyo. Mchekeshaji Bill Cosby alitiwa hatiani 2018 kwa kumdhalilisha mwanamke kijinsia, akaachiwa 2021. Vijiweni wakasema alisingiziwa. Mahakama ya juu ya Pennsylvania ilimwachia kwa sababu mwendesha mashtaka wa awali alikuwa ameahidi hatamshtaki. Mwaka uliofuata mahakama ya madai ya California ikaona ana wajibu wa kumlipa mwanamke mwingine. Madai yanapimwa kwa mizani nyepesi kuliko jinai.

Mtu wa Mwaloni

Sawa mzee. Lakini ile kesi ya Dodoma ya 2024, ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume huku akirekodiwa? Bila kelele za mitandao wale wangekamatwa? Video ilisambaa mwanzoni mwa Agosti, mwisho wa Septemba wakahukumiwa maisha. Kelele zina kazi.

Msaidizi wa Ilemela

Zina kazi, sibishi. Ziliharakisha. Zilimjibu hata yule ofisa wa polisi aliyemzungumzia binti kana kwamba alikuwa anajiuza, akaondolewa pale. Hiyo ndiyo kelele ninayoitaka: inayoidai dola ifanye kazi yake, ifungue jalada, imlinde shahidi, iipe kesi kipaumbele. Hata hivyo hukumu yenyewe haikutoka mtandaoni, ilitoka kwenye ushahidi uliotolewa faragha.

Lakini kumbuka jambo lingine. Watu walewale waliokuwa wanalia haki ndio waliokuwa wanaitumiana ile video. Kila aliyeisambaza alimrudisha yule binti pale. Ungeweza kupiga kelele bila kuituma kwa mtu mwingine. Ipeleke polisi, usiitume kwa shemeji yako.

Mkerewe

Sisi wa visiwani mnatusahau. Kutoka kambi ya uvuvi mpaka zahanati ni kusubiri boti, mpaka dawati la jinsia ni kusubiri nyingine. Tukio likitokea usiku, ziwa limechafuka, mnafanya nini? Mtoto anaogeshwa, nguo zinafuliwa, asubuhi wanasema twende.

Msaidizi wa Ilemela

Hili naomba mlisome wote na mlipeleke kwenye makundi yenu badala ya picha za watuhumiwa.

Asioge, hata kama inauma kumwona vile. Nguo alizovaa zisifuliwe, wala zisiwekwe kwenye mfuko wa nailoni, zinaoza kwa unyevu. Ziwekwe kwenye karatasi ya kaki, bahasha kubwa, hata gazeti safi. Kila nguo peke yake. Afike hospitali mapema kadiri boti itakavyoruhusu, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na ile ya kuzuia mimba nayo haingoji. Ukifika Sekou Toure, Bugando au kituo chochote, sema wazi kilichotokea. Penye kituo cha mkono kwa mkono mtakuta daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja, hamtazungushwa. Aliyeambiwa kwanza na mtoto aandike jina lake, namba ya simu, na ya ndugu atakayejua alipo akihama kambi. Kadi ya kliniki itoke sandukuni siku hiyohiyo.

Usimuulize mtoto mara kumi. Kila mjomba akija anahojiwa upya, mwisho maelezo yanatofautiana kwa uchovu tu, na wakili wa utetezi ana haki ya kuuliza kwa nini yanatofautiana.

Mkerewe

Asante dada. Swali la mwisho. Huku wazee wanakaa, upande wa kijana unatoa ng'ombe au pesa, wanaandikishana, wanasema yameisha. Baba wa binti akishapokea, kesi inakuwa imefutwa?

Msaidizi wa Ilemela

Haijafutwa. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Baba si mwenye nayo, wala mwenyekiti wa mtaa, wala baraza la wazee. Karatasi waliyoandikishana haina nguvu ya kufuta shtaka. Inachoweza kufanya ni kumficha shahidi, maana baada ya ng'ombe binti anapelekwa kwa shangazi Geita au Sengerema, simu yake inazimwa, na upande wa mashtaka unabaki na jalada lisilo na mtu.

Kama limeshatokea huko kwenu, nenda dawatini useme ulichokiona, hata kama wewe si ndugu. Usiende kusema fulani kabaka, hilo hukuliona. Sema ulikuwa kwenye kile kikao, nani alitoa nini, nani alipokea, na binti amepelekwa wapi. Niandikie pembeni, nitakupa utaratibu na nitakusindikiza ukivuka kuja mjini.